Mwalimu Ninayemtegemea Amenyamaza

Mpendwa Shangazi Beryl, nakuomba unishike mkono kabla sijafanya jambo litakaloniandama, maana kila ninayemweleza ananiambia haya ni mambo ya kompyuta tu, na mimi naona ni mambo ya utu kabisa, na kwa kuwa najua jarida letu hili la wanatakwimu husomwa pia na wake na waume zetu wanapongojea maji ya chai yachemke, nitaeleza polepole ili hata asiyeijua R, lugha ya kompyuta tunayohesabia, asiachwe nyuma.

Mimi naitwa Rewa Pohatu, naishi Whakatāne, mji wa pwani, na kazi yangu ni kuhesabu kome. Usicheke, Shangazi. Huku kwetu watu wameokota kome tangu enzi za mababu, na kila kiangazi kamati ya ufuo hukaa kuamua upande upi ufungwe upumzike na upi uachwe wazi, na uamuzi huo unatokana na hesabu: maji yakitoka, wazee na wanafunzi wanashuka na fremu za mraba, wanazilaza mchangani, wanachimba, wanahesabu, halafu namba zao zinaingia kwenye kifurushi nilichokiandika mimi. Kifurushi ni mkusanyiko wa amri za hesabu ambao mtu anauandika na kuuweka kwenye ghala kuu, na yeyote duniani anaupakua bure. Changu kinaitwa tuangi, yaani kome kwa Kimaori, na siku hizi hata watu wa Tasmania wanakitumia, jambo ambalo mama yangu hakuishi kuliona lakini angelitangaza kanisani.

Sasa, hakuna kifurushi kinachosimama peke yake. Changu kimeegemea kifurushi cha Mwalimu Neville Geddes wa Dunedin, ambaye sasa ni mstaafu, na nikisema kimeegemea nina maana kwamba cha Mwalimu kikianguka, changu kinaanguka kwa kishindo kilekile, na cha Tasmania juu yake. Kome hawakai mchangani kwa usawa kama viazi shambani, wanajirundika hapa na kupaacha pale, kwa hiyo wastani mtupu unadanganya, na Mwalimu ndiye aliyetunga hesabu inayojua mirundo hiyo. Yeye ndiye pia aliyelileta neno kadiria. Naomba niwaeleze wanaongoja chai: ukimwambia mtu "menya", hakuulizi menya vipi, akishika ndizi anatumia vidole, akishika kiazi anatumia kisu. Neno ni moja, mbinu ni nyingi, na mbinu inachaguliwa na kitu kilichopo mkononi. Basi kadiria ni neno la namna hiyo. Mwalimu alilianzisha kwenye kifurushi chake kwa ajili ya miti na ndege, mimi nikaongeza mbinu ya kome chini ya neno lake, na akaniruhusu kwa furaha.

Siyo kuniruhusu tu. Mama alipofariki nilikuwa na ripoti ya ufuo mezani na amri zangu zimevunjika, na sikumwomba mtu chochote, lakini nilipotoka mazishini nilikuta Mwalimu amesharekebisha kila kitu na kuniandikia, "Lala, binti. Kome hawaendi popote." Mpaka leo sijawahi kuonana naye ana kwa ana. Tangu siku hiyo kila nilichokiandika amekisoma, kila nilipokosea amenionyesha bila kunidhalilisha, na aliliweka jina langu kwenye orodha ya waandishi wa kifurushi chake kabla mimi mwenyewe sijaona kuwa nastahili.

Sasa yamefika ya kufika. Lugha ya R inatoa toleo jipya, na toleo hilo halikubali namna ya zamani ambayo kifurushi cha Mwalimu kimeandikwa. Wasimamizi wa ghala kuu wamempelekea onyo, na mimi ninayemtegemea nikapewa nakala: arekebishe kabla ya mwisho wa mwezi ujao, la sivyo kifurushi kitaondolewa. Mwalimu hajajibu. Nimemwandikia, hajajibu. Nimemwandikia tena nikimuuliza hali tu, bila kutaja onyo, kimya. Mwalimu ambaye alikuwa akijibu barua pepe kabla hujainua kidole.

Mwenzangu kazini, Sefo Leiataua, kijana mwenye akili na mdomo, ananishika koo kila siku.

"Dada Rewa, unatumia kiasi gani cha kifurushi cha huyo mzee?"

"Pembe moja tu. Ile hesabu ya mirundo."

"Pembe moja! Na kwa ajili ya pembe moja unawapakulisha wazee wa kamati mitambo yote ya kuchora ramani anayoivuta nyuma yake? Juzi kompyuta ya Mama Mereana ilikwama mpaka akaifunika taulo akidhani imepata joto."

"Lakini ni Mwalimu wangu, Sefo."

"Dada, kifurushi si ukoo. Leseni yake inaruhusu kunakili. Nakili hiyo pembe, mtaje jina, mshukuru kwa herufi kubwa, kata kamba. Wiki moja tumemaliza."

Nikajaribu, Shangazi. Nilikaa chini nikanakili ile hesabu, na kwa kuwa sikuwa tena na neno la Mwalimu, nikatengeneza neno langu mwenyewe, nikaliita kadiria vilevile, kwa sababu kamati nzima imezoea hivyo. Kikawa chepesi kama unyoya. Nikampa Mama Mereana, katibu wa kamati, akijaribu kwanza kabla sijakipeleka popote. Jioni akanipigia simu.

"Rewa, hawa kome wamezaana tangu jana?"

"Kwa nini, Mama?"

"Upande wa kaskazini wamekuwa karibu maradufu. Mimi nimetembea pale kwa miguu yangu na kikapu changu, nikarudi na kikapu changu. Namba zako zinaota ndoto."

Nikagundua kilichotokea. Mama Mereana huchora ramani kwa kifurushi cha Mwalimu, kwa hiyo alifungua vyote viwili, changu kisha cha Mwalimu. Maneno mawili yanayofanana yakakutana, na lililofunguliwa mwisho likalifunika la kwanza. Alipoandika kadiria akajibiwa na neno la Mwalimu, nalo halikuwajua tena kome wangu maana nilikuwa nimewahamishia chini ya neno langu, basi likawafanyia linavyowafanyia wageni wote: wastani mtupu. Hakuna onyo wala kosa lililoonekana. Namba safi, nzuri, ya uongo. Kama si Mama Mereana kuujua ufuo wake, kamati ingeufungua upande ambao hauna kitu, na watu wangeuchimba mpaka mbegu ya mwisho.

Kwa hiyo nimekwama. Nikikaa naye, ghala litakiondoa kifurushi chake na changu kitafuata, na kamati itakaa bila hesabu. Nikikata, nitazaa neno la pili na kuwachanganya watu. Na hata ningepata njia safi ya kukata, moyo wangu haukubali, maana mimi ndiye wa mwisho miongoni mwa wale aliowalea ambaye bado kifurushi chake kimeegemea cha Mwalimu. Wenzangu wote walikwisha kuondoka mmoja mmoja, na nikiondoka mimi atabaki na kifurushi kisichotegemewa na mtu yeyote. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke, na mimi sitaki kuwa punda. Kumpigia simu ninaogopa. Nitamwambia nini? Nipe kifurushi chako? Si ni sawa na kumdai wosia mtu aliye hai?

Niambie Shangazi, kuacha kumtegemea mtu aliyenitendea wema ni kumkosea shukrani?

Rewa Pohatu, Whakatāne

*

Rewa mwanangu,

Kwanza futa machozi, pili futa hilo toleo la majaribio. Lifute leo, kabla Sefo hajalipenda.

Barua yako imenipa joto moyoni. Watu wengi huniandikia wakilalamikia wanaowategemea. Wewe umeniandikia ukimlilia unayemtegemea. Mama yako alikulea vizuri. Lakini sasa nakuvuta sikio, na usipige kelele.

Umemwandikia Mwalimu Neville, umemwandikia tena, umezungumza na Sefo, umempa kazi Mama Mereana, umeniandikia mimi huku Whanganui kurasa mbili bila kuvuta pumzi. Simu ya Neville hujaigusa! Tangu lini ukimya wa mtu mzee ukawa jibu? Unamwogopa mtu aliyekuambia ulale. Unajua nini kuhusu afya yake? Hujui. Unajua nini kuhusu anachotaka? Hujui. Umekaa na picha ya mzee mpweke anayelia juu ya kifurushi chake, na picha hiyo umeichora wewe.

Nikueleze jambo ambalo vijana mnaopakua vya wenzenu hamlijui. Katika mambo haya, anayetegemewa ndiye mwenye kazi. Mimi kabla ya kustaafu nilitunza kifurushi cha hesabu za sensa. Kilikuwa kidogo, kikapendwa. Nilipobadilisha neno moja, mtu wa Chile aliamka amevunjikiwa na mtu wa Poland akaniandikia kwa hasira za Kipoland. Mwaka mmoja tulikwenda likizo Taupō, nikashinda garini na kompyuta mapajani nikirekebisha hitilafu ya mtu nisiyemfahamu, na mume wangu Graham akavua peke yake, akala samaki peke yake, akaosha vyombo peke yake. Sikuwalaumu watu hao. Walinishukuru wote, kila mmoja kwa maneno matamu. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, "Beryl, nipokee?" Siku niliyopata wa kunipokea nililala mpaka saa nne asubuhi.

Wewe unasema umebaki kumwegemea ili asiwe peke yake. Mwanangu, ukiegemea mtu aliyechoka hujampa ushirika, umempa uzito. Huenda hao wenzako walioondoka walimtendea wema bila kujua. Shukrani siyo kamba ya kumfungia mtu kwenye kazi. Ukitaka kumshukuru aliyekubeba, shuka, halafu umuulize kama anataka umshikie mzigo.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi: kuacha kumtegemea si kukosa shukrani. Kuacha kimyakimya ndiyo kukosa shukrani. Na kuendelea kumtegemea kimyakimya ni ndugu yake.

Sasa kazi. Chukua simu, piga ile ya mezani, siyo ya mkononi, wazee wa Dunedin bado wanazo. Ukimpata, muulize hali yake na umwache azungumze mpaka amalize. Kisha sema moja kwa moja, usizungukezunguke: ghala limetoa onyo, naomba unikubalie nikitunze kifurushi chako, jina lako likibaki la kwanza kwenye waandishi. Mwandishi ni mmoja na mtunzaji ni mwingine. Ghala lenyewe linatofautisha hayo mawili, na mtunzaji mpya hupokewa pale tu wa zamani anapoandika kwamba ameridhia. Upate neno lake la maandishi. Usichukue cha mtu kwa sababu amenyamaza.

Akikubali, usirundike kila kitu kwenye kifurushi chako. Hilo neno mnalogombania bila kugombana, kadiria, litoeni nje. Litengenezeeni kifurushi chake kidogo, kisicho na kitu ndani ila maneno ya pamoja: maneno tu, bila hesabu wala ramani, na kisitegemee chochote. Cha Neville kiegemee hapo, chako kiegemee hapo, cha Tasmania nacho kikitaka. Kila mmoja ataleta mbinu zake chini ya neno lilelile, na hakuna atakayemfunika mwenzake. Ukisema menya, ndizi itamenywa kama ndizi na kiazi kama kiazi, hata kama wamenyaji hawajawahi kuonana. Ukimaliza hayo, ile pembe yako ya hesabu unaweza kuiazima kwa Neville bila kuiba.

Na kuhusu mitambo ya ramani, hapo Sefo ana haki, mpe haki yake. Kinachohitajika kila siku kiwe cha lazima. Kinachohitajika na wachache kiwe cha hiari: mwenye nacho achore, asiye nacho aambiwe kwa upole kwamba akitaka ramani apakue kitu fulani, hesabu zake ziendelee. Mzee wa kamati anayetaka kujua kome tu asibebeshwe ramani ya dunia.

Tena ile mbinu ya jumla inayowapa wageni wastani mtupu, iondoeni. Kifurushi kisichomjua mgeni na kiseme, "Sikujui." Aibu ya kosa linalopiga kelele hupita; namba ya uongo iliyonyamaza hula ufuo mzima.

Kabla ya kupeleka chochote ghalani, vijaribu vifurushi vyote vinavyokuegemea, kimoja kimoja, na uwaandikie wenyewe mapema. Usiwafanyie wewe unachoogopa kufanyiwa. Na Mama Mereana mpelekee kitu kizuri cha kula. Mjaribu kama huyo hapatikani dukani.

Weka barua hii chini. Piga simu.

Shangazi Beryl

*

(Rewa alinijibu kabla jarida halijaenda mtamboni, na ameniruhusu niweke barua yake hapa chini kama ilivyo. B.)

Shangazi mpendwa,

Nilipiga. Ile ya mezani, kama ulivyosema. Akapokea mkewe, Bibi Ailsa, ambaye sijawahi kuzungumza naye hata siku moja.

"Rewa? Rewa wa kome? Ngoja nikae."

Nikamuuliza kama Mwalimu amepata barua za ghala. Akauliza, "Ni zile zinazoanza na 'Ndugu mtunzaji'?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ee Mungu wangu. Mimi nilidhani ni za matapeli, mpenzi. Nimekuwa nikizifuta."

Ndipo nikaambiwa. Mwalimu macho yamemwisha katikati. Pembeni anaona, lakini ukimwekea herufi mbele yake anaona kivuli. Hakumwambia mwanafunzi yeyote. Bibi Ailsa ndiye anayemsomea barua za watoto na za hospitali, na zile "za mashine" alikuwa akiziruka, zangu zikiwemo, kwa kuwa kila moja, hata ile ya kumuuliza hali, niliipa kichwa chenye matoleo na amri kabla ya kumsalimia mtu. Hilo nimelipokea bila kubisha.

Nikapanda ndege. Sefo alinicheka kwamba naenda kupeleka posa, kisha akasema atakaa karibu na simu siku nzima nikimhitaji. Njiani nilijifunza hotuba yangu mpaka jirani kwenye kiti akaniuliza kama mimi ni mwigizaji.

Mwalimu alifungua mlango mwenyewe. Mrefu kuliko nilivyodhani, sweta lenye matundu viwikoni.

"Karibu, binti. Sogea kidogo kushoto nikuone, hapo katikati siku hizi hapana mtu."

Nikasogea. Akanitazama kwa pembe ya jicho, akatabasamu, na hotuba yangu yote ikaniruka kichwani. Nikasema tu, "Mwalimu, nimekuja kukuomba uniachie kifurushi chako nikitunze."

Akasema, "Umechelewa."

Nikajua amekwishampa mwingine, au amekasirika. Bibi Ailsa akamgonga bega kwa kitambaa cha vyombo. "Neville! Usimtese mtoto wa watu."

"Amechelewa, ndiyo. Nilikuwa namngoja aniombe tangu yalipoanza haya macho." Akakaa, akapapasa meza mpaka akapata kikombe chake. "Ningekutupiaje mzigo bila wewe kuuomba, Rewa? Una watoto, una kamati, una kome. Nilisema nitakivuta mpaka wewe uondoke kama wenzako, halafu nikiache kife kwa amani. Kila mwaka nasema mwaka huu binti ataondoka. Huondoki! Ile mbinu ya zamani nilitaka kuibomoa niiandike upya, lakini kila nikishika nyundo nakuona umekaa juu ya paa."

"Mimi nilibaki ili usiwe peke yako, Mwalimu."

"Na mimi nilibaki ili usianguke."

Tukatazamana, yeye kwa pembeni, mimi kwa machozi, kisha Bibi Ailsa akaanza kucheka, na sote tukacheka mpaka mbwa wao akabweka. Ikaletwa mikate ya huko kwao, ya kukunja yenye jibini, iliyochomwa mpaka imekauka kingo, siagi ikichuruzika, na Mwalimu akasema hakuna kazi itakayoanza kabla sahani haijaisha. Nilikula kama mtu aliyeokoka.

Tulikaa kwenye meza ile ya jikoni siku zote nilizokuwa kule. Yeye akisema, mimi nikiandika. Anajua kila mstari wa kifurushi kile kwa moyo. "Shuka chini, chini tena, hapo palipo na neno uzito, futa hilo, lilikuwa uvivu wangu." Tulilitoa neno kadiria na maneno mengine machache tukayawekea kifurushi chao, kitupu na chepesi. Ramani tukazifanya za hiari. Wastani wa wageni tuliuondoa, na Mwalimu akasema ulikuwa unamkera tangu zamani, ila aliona haya kumwambia mtu asiyemjua kwamba hamjui. Sefo, kutoka Whakatāne, alijaribu vifurushi vyote vinavyotuegemea. Kimoja cha Tasmania kilivunjika, akawaandikia wenyewe, wakarekebisha wakashukuru.

Ikaja zamu ya orodha ya waandishi. Nikaandika jina lake kwanza. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Mtunzaji ni nani?"

"Mimi."

"Soma tena."

"Mtunzaji: Rewa Pohatu."

"Vizuri," akasema, na akaomba Bibi Ailsa amwandikie barua ya kuridhia, naye akaiandika huku akinung'unika kwamba sasa na yeye amegeuka mashine.

Ghala limepokea vifurushi vyote vitatu kabla ya siku ya mwisho. Mama Mereana amefungua changu na cha Mwalimu kwa pamoja, akapindua, akafungua kwa mpangilio mwingine, namba ikawa ileile. Tena ndogo. Kaskazini kome wamepungua sana. Kamati imeufunga upande ule kwa karakia, yaani dua ya Kimaori, asubuhi ya Jumamosi, na watu wataokota kusini tu mpaka hali irudi. Kulikuwa na manung'uniko, Mama Mereana akawaambia, "Bora namba ya kweli yenye njaa kuliko ya uongo yenye shibe," manung'uniko yakaisha. Nimempelekea mkate wa kuokwa na jamu ya plamu kama ulivyoniagiza. Amesema mwakani anataka keki.

Nakushukuru, Shangazi, kwa kunivuta sikio. Nawashukuru wote niliowataja na Sefo pia, msimwambie.

Na jana nimepokea lalamiko langu la kwanza kama mtunzaji. Limetoka Dunedin. Mwalimu amefungiwa mashine inayomsomea maandishi kwa sauti, akajaribu kifurushi, na sasa amekasirika: matokeo yanachapishwa na mstari mrefu wa vistari juu na chini, na mashine inamsomea, "Kistari, kistari, kistari, kistari," mpaka anasahau alikuwa anakadiria nini. Anataka kujua ni mpumbavu gani aliyebuni mapambo hayo, na lini mtunzaji atayaondoa. Lalamiko lina kurasa mbili, limeandikwa kwa mkono wa Bibi Ailsa, na chini kabisa, baada ya jina la Mwalimu, Bibi ameongeza maneno yake mwenyewe:

"Mpenzi, nimemkumbusha kwamba vistari hivyo aliviweka yeye. Anakataa. Amegomba kutwa nzima, amekula vizuri, na ameniuliza kama kuna karatasi zaidi. Tafadhali usivirekebishe haraka."